Jando la Michungwa

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, jalidi ilianza kuanguka juu ya mchungwa mmoja katikati ya uwanja wa Kitulo Mpya. Haikuanguka kwingine kokote. Watu walikuwa wamejaa uwanja mzima, wengine na kofia za jua, wengine wamejitanda kanga kichwani, na wote walikuwa wanatazama majani mabichi yakigeuka meupe, unga mwembamba wa barafu ukijipanga juu yake bila haraka.

Mchungwa ule ulikuwa ndani ya Kuba la Jalidi. Hilo lilikuwa jumba la kioo, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, lenye magurudumu chini na mapezi ya shaba mgongoni, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuleta saa yoyote, mahali popote, ile baridi ambayo uwanda wa Kitulo huipata alfajiri za Juni. Mabomba yake yalinyonya joto lote la ndani na kulitema nje kupitia yale mapezi. Basi ikawa kichekesho, maana waliosimama nyuma ya kuba walitokwa jasho shingoni huku macho yao yanatazama barafu.

Dkt. Subilaga Mwaisaka alisimama mbele ya meza ya kuongozea mtambo, mikono kwenye mifuko ya koti. Yeye ndiye aliyeutengeneza mchungwa ule, jeni kwa jeni, katika Taasisi ya utafiti ya mji. Kando yake alikuwa Nehemia Chaula, fundi wa mitambo, Mkinga aliyezaliwa kwenye baridi ya milima ile ile na ambaye hakuwahi kumwacha bila kumtania mtu yeyote aliyetoka bondeni Kyela, kule kwenye joto.

"Nyuzi nne chini ya sifuri," Nehemia akasoma. "Daktari, pumua. Mti unapumua, wewe umeacha."

"Shusha tena."

"Tano. Sita. Hapa miparachichi ya shangazi yangu huwa imeshakata roho."

"Shusha, Nehemia."

"Saba. Haya, saba."

Usidhani baridi yenyewe ndiyo huua mti. Kinachoua ni maji. Ndani ya kila jani mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimejaa maji. Baridi ikizidi, maji yale yanaganda, yanakuwa na ncha, ncha zinatoboa kuta. Mti uliogandishwa bado huonekana mzima. Ni pale jua linapouyeyusha ndipo majani yanapolegea, yanakuwa meusi, na mwenye shamba anajua kwamba alichokuwa anakitazama tangu asubuhi kilikuwa maiti.

Kwa hiyo Nehemia alipoanza kurudisha joto, uwanja ndio kwanza ukashika roho mkononi. Barafu ikalainika. Matone yakaanza kudondoka. Jani la juu kabisa likainama, na mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akasema, "Basi, limekwenda." Jani likadondosha tone lake, likainuka, likasimama kama lilivyokuwa. Katikati yake, kwenye mishipa, kulikuwa na wekundu uliokolea wa damu.

Uwanja ulilipuka. Watu walirusha kofia, walikumbatiana na wasiowajua, akina mama walipiga vigelegele hadi ndege nyuki za mizigo zilizokuwa zinapita juu zikapunguza mwendo, zikidhani kuna dharura. Subilaga alicheka peke yake kama mwendawazimu. Ujana wake wote ulikuwa umeingia kwenye mti ule, na mti ule ulikuwa hai.

Kitulo Mpya ulikuwa mji wa watu waliokimbia joto. Bonde la Kyela lilipofika mahali ambapo mtu hawezi tena kulala wala kulima, familia zilipandishwa huku juu, zikajengewa nyumba za udongo uliochapwa kwa mashine, kila mtaa ukapewa jina la kule watu walikotoka. Umeme ulikuwepo, maziwa yalikuwepo, shule zilikuwepo. Matunda hayakuwepo. Kila mche wa bondeni uliopandwa uliliwa na jalidi mwaka wake wa kwanza, na chungwa lililopandishwa na ndege nyuki liligawanywa vipande kwa watoto wa nyumba nzima.

Subilaga aliamua kuutafuta ufunguo. Aliupata kwa binamu mwitu wa mchungwa, mti wa miiba wa Asia ambao husimama ndani ya theluji bila kujali. Mti ule una jeni inayofanya kazi kama kitasa. Kitasa kikifunguka, majani hupunguza maji kwenye vyumba vyake, huvijaza sukari mahali pake, na sukari haigandi upesi. Alikihamishia kitasa kile kwenye mchungwa mtamu. Kisha, ili mtu aweze kujua kwa macho kama kitasa kimefunguka, alikifunga pamoja na jeni ya rangi kutoka kwenye machungwa ya damu, yaani yale mekundu ndani, jeni ambayo nayo huamshwa na baridi. Mishipa ikiwa myekundu, mti uko tayari.

Lakini kitasa hakifunguki kwa kushtukizwa. Mti lazima uzoeshwe, usiku baada ya usiku, kwa baridi ndogo isiyoua, kwa muda wa kama wiki hivi. Ukiupeleka kutoka kwenye joto moja kwa moja hadi kwenye jalidi, unakufa kama mchungwa mwingine wowote. Nehemia aliuita mzoesho huo jando, na jina likashika mji mzima.

Mwenyekiti wa Halmashauri, Mzee Mligo, mtu mrefu wa maneno mafupi, alipanda jukwaani na kusubiri kelele zipungue.

"Tumeona," alisema. "Huu ni mti wa Taasisi, umelelewa na wataalamu. Mimi nataka kuona ya majumbani. Kila nyumba ya Mtaa wa Kyela ilipewa mchungwa wake ndani ya chungu, una matunda. Mtabiri anasema jalidi kubwa itashuka Jumatano ya wiki ijayo. Miti ya watu ikipona, bonde la Numbe ni shamba la machungwa. Ikifa, bonde linakwenda kwa watu wa mitambo ya jua, na Taasisi tunaifunga. Ahsanteni."

Mtabiri ulikuwa mtambo wa hali ya hewa juu ya mlima. Watu waliuita Mganga kwa utani, lakini haukuwa umekosea jalidi hata mara moja tangu ulipowashwa.

"Umesikia?" Subilaga alimwambia Nehemia, akiwa bado anacheka. "Bonde zima."

Nehemia alikuwa ameinamia kibao chake cha kusomea. Katika udongo wa kila chungu mlikuwa na kisikizi, kitu kidogo kama punje ya maharage, kilichohesabu saa za baridi ambazo mti umezipata. Mti ukipata joto kwa muda mrefu, kitasa hujifunga, na kisikizi huanza upya.

"Daktari, Mtaa wa Kyela unasoma sifuri."

"Nyumba gani?"

"Mtaa. Wote."

"Vimeharibika."

"Vyote kwa siku moja? Mimi ndiye niliyevitia, na mimi siyo mbaya kiasi hicho."

Subilaga alikwenda mwenyewe, kwa miguu, bado kavaa koti la sherehe. Njiani watu walimpa mikono, wakamwita mwanetu, wakamwita mkombozi, mzee mmoja akataka kumbeba. Alipofika Mtaa wa Kyela akasimama katikati ya njia. Mbele ya kila nyumba palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi, pale chungu kilipokuwa kimekaa. Vyungu havikuwepo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Atuganile, mama mnene mcheshi aliyemfahamu tangu utoto. Subilaga alibisha hodi, akakaribishwa, na akauona mchungwa wake jikoni, kando ya jiko la umeme, umevishwa sweta.

"Umekuja kumwona mgonjwa?" Bi Atuganile alisema kwa furaha. "Amepona. Juzi juzi hapa alikuwa hoi, mishipa imeiva yote. Nikamwingiza ndani, nikampasha, nikamwimbia. Tazama sasa alivyo kijani."

"Shangazi, ule wekundu ndio uzima. Tulitangaza. Vipaza sauti vilisema wiki nzima, mti ukionyesha wekundu hali ni nzuri."

"Tulisikia." Bi Atuganile alimtazama kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenzake. "Lakini mwanangu, mtu akija hapa akaniambia mtoto akiwa mwekundu mdomoni ni dalili njema, mimi nitamsikiliza? Mtaa huu?"

Subilaga aliutazama tena ule mti uliovishwa sweta. Aliuliza, ingawa jibu alikuwa ameshalihisi, nani aliyetangulia kuingiza mti ndani.

"Mama yako. Nani mwingine? Balozi wetu akifanya jambo, sisi tunauliza kwanza?"

Mama Subi alikuwa balozi wa nyumba kumi, lakini kwa kweli mtaa mzima ulimfuata. Alipobadilisha mlango wake rangi, milango ilibadilika. Alipoacha kula nyama Ijumaa, mchinjaji alilia. Subilaga aliikuta nyumba yake kimya, mlango umerudishwa tu, na mama yake ameketi kitandani akikunja nguo. Mchungwa ulikuwa pembeni ya kitanda, upande wa kichwani, umezungushiwa kitenge cha zamani cha bluu. Machungwa manne ya kijani yalining'inia juu ya foronya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia vigelegele hadi huku. Nikasema, leo mwanangu amewaweza."

"Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na mgonjwa."

Subilaga alikaa kwenye kigoda. Kwa muda alizungumza kama mtaalamu, maana ndiyo lugha iliyokuwa karibu. Alieleza kitasa, sukari, kisikizi kinachorudi sifuri. Alisema Jumatano. Alisema bonde la Numbe. Alisema kwamba kama vyungu havitoki nje jioni ya leo, jando haliwezi kuisha kabla ya jalidi, na kwamba mtaa mzima unautazama mlango huu mmoja. Mama yake alisikiliza yote, mikono ikiendelea kukunja.

"Kila nyumba imeupa mti wake jina," Mama Subi alisema mwishowe. "Wewe unajua wangu nimeuitaje?"

Alijua. Hakuhitaji kuambiwa.

Mwaka wa kwanza wa kuhamia, Subilaga akiwa msichana wa miaka kumi, walikuwa na mtoto wa kiume mdogo aliyeitwa Gwamaka. Walikuwa watu wa bondeni, hawajawahi kumiliki blanketi. Jalidi ya kwanza iliposhuka, mama alifunga madirisha, akaziba nyufa za mlango kwa matambara, akaingiza jiko la mkaa chumbani, akamlaza Gwamaka karibu nalo kabisa, mahali penye joto kuliko pote. Subilaga alilala mbali, sakafuni kando ya mlango, penye upepo kidogo uliopenya. Asubuhi Gwamaka hakuamka. Midomo yake ilikuwa myekundu, kucha zake nyekundu, kama mtoto mwenye afya kuliko wote. Baridi imemchukua, watu walisema, na haikuwa nyumba yao peke yake mwaka ule.

Chuoni, miaka mingi baadaye, Subilaga alisoma juu ya moshi wa mkaa usioonekana, namna unavyoshika damu na kuifanya nyekundu hata baada ya mtu kufa. Siku ile alitoka darasani, akatapika nyuma ya maabara. Hakumwambia mama yake. Aliapa hatamwambia kamwe, na hadi mchana huu alikuwa ametunza kiapo hicho.

Sasa akautazama mchungwa ule ndani ya kitenge, na akaona hakuna njia nyingine ya kuutoa nje.

"Mama," alisema. "Mama, siyo baridi iliyomwua Gwamaka."

Mikono ya Mama Subi ikaacha kukunja.

"Najua," alisema.

Subilaga alidhani hakusikia vizuri.

"Mwaka uliofuata walimleta nesi awafundishe akina mama habari za jiko na madirisha. Nilikaa mstari wa mbele. Akataja midomo. Akataja kucha. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikalitupa jiko korongoni." Aliinyoosha nguo iliyokuwa magotini. "Umewahi kuniona na jiko la mkaa tangu hapo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasoma usiku na mchana. Ukiulizwa unataka kuwa nani, unasema unataka kuishinda baridi iliyomchukua mdogo wako. Baridi ndiyo ilikuwa inakuamsha, mwanangu. Ningekunyang'anya adui yako, nikupe mimi mwenyewe mahali pake?"

Subilaga alilia. Hakulia kidogo kidogo kama msomi, alilia kwa sauti, uso magotini. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa amembebea mwenzake mzigo ule ule, kwa siri, ndani ya nyumba moja. Mama yake alimwacha alie hadi atosheke, kisha akamfuta pua kwa pindo la kanga kama mtoto.

"Kama unajua," Subilaga akauliza, "mbona umeuingiza mti ndani?"

"Uliponiletea, ulikuwa mzuri. Nikaukalisha nje kama ulivyoagiza. Asubuhi moja natoka, nakuta mishipa imekuwa vile." Mama Subi aligusa jani. "Rangi ile ile. Kati ya rangi zote za Mungu, mwanangu, ukachagua hiyo?"

"Sikufikiria."

"Najua hukufikiria. Na mimi akili ilijua ni mti. Lakini mikono ilikuwa imeshaubeba." Akashika pindo la kitenge. "Mimi sijui namna nyingine ya kumtunza mtu. Ninayoijua ni kumfunika."

Nje, watoto walikuwa wanapita wakiimba habari za mti ulioshinda barafu. Mama Subi aliwasikiliza hadi wakapotelea mbali. Kisha akauliza swali, na aliliuliza kwa makini, kama anayeuliza sharti la kliniki.

"Hilo jando lenu. Mzazi anaruhusiwa kukaa karibu?"

"Anaruhusiwa."

"Akafanya nini?"

"Hafanyi chochote, Mama. Asiwashe moto. Asifunike. Akae tu."

"Hiyo ndiyo kazi ngumu," alisema Mama Subi, na akasimama, akaanza kukifungua kile kitenge.

Jua lilikuwa linaelekea kutua alipotoka. Alikibeba chungu mwenyewe, akamkatalia Subilaga mkono, akakirudisha kwenye duara lake vumbini. Akaingia ndani, akatoka na kiti na blanketi. Blanketi akajifunika yeye. Akaketi.

Mtaa mzima ulikuwa madirishani. Kwanza hakuna aliyetoka. Kisha mlango wa Bi Atuganile ukafunguka, naye akasimama kizingitini na mti wake mikononi, ukiwa bado na sweta.

"Mama Subi, umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Na akiiva tena?"

"Aive. Mvue sweta, umkalishe hapo, lete kiti."

Milango ikaanza kufunguka. Weee, usiniulize namna ilivyokuwa! Vyungu vilitoka vikiwa vimevaa soksi, vilemba, kanga, suti ya mtoto ya kanisani. Kufikia giza, Mtaa wa Kyela ulikuwa umejaa viti na mablanketi kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mtu kando ya mti wake, na chai inazunguka kwa chupa. Nehemia alipofika na kibao chake mkononi alisimama akashika kiuno.

"Nyie watu wa joto," alisema. "Mnasindikiza machungwa jandoni. Kwetu hata mbuzi hatumfanyii hivi."

"Vuta kiti, Mkinga," Bi Atuganile alimjibu. "Utufundishe kutetemeka."

Wiki ile hakuna aliyekuwa na stahamala ya kazi nyingine. Asubuhi watoto walikimbia nyumba hadi nyumba wakitangaza nani ameanza kuiva. Visikizi vilipanda, na Nehemia alizisoma hesabu zake barabarani kama mtangazaji wa mpira. Mishipa ya kwanza ilipoanza kuwa myekundu, watu walishikana mikono, wengine waliingia ndani kwa muda, wakarudi na macho yaliyovimba, wakaketi tena. Mti wa Mama Subi ulichelewa. Aliusubiri, na siku wekundu ulipoonekana kwenye jani la chini, aliweka kidole juu yake akakiacha hapo muda mrefu. Subilaga alikuwa kando yake. Alimmiminia chai.

Jumatano, Mtabiri haukukosea. Kulipopambazuka uwanda wote ulikuwa mweupe. Mapaa meupe, nyasi nyeupe, viti vyeupe, mablanketi yamekakamaa juu ya watu waliokuwa ndani yake wakipumua moshi. Miti ilisimama katika safu, kila jani limefunikwa unga. Mzee Mligo alifika na wajumbe wake, akasimama mwisho wa mtaa, mikono nyuma, akisubiri jua pamoja na wengine.

Jua lilitokea upande wa Numbe. Lilianzia kwenye paa, likashuka ukutani, likafika vyunguni. Barafu ikaanza kudondoka, na mtaa wote ukasikika kama mvua nyepesi. Majani yakainama. Subilaga alikuwa amemshika mama yake bega, na hakujua alikuwa anambana kwa nguvu kiasi gani hadi mama yake alipomgonga mkono. Kisha jani moja likainuka, na jingine, na jingine, hadi mwisho wa safu. Mekundu kwenye mishipa, mabichi pembeni, hai.

Mti mmoja haukuinuka. Ulikuwa wa Bi Atuganile. Alikuwa ameuvalisha sweta tena kila usiku baada ya majirani kusinzia, akauvua kabla hawajaamka, bila kisikizi cha udongoni kugundua, na sasa majani yake yaligeuka meusi mbele ya macho yake. Mzee Mligo alipomkaribia, yule mama mcheshi alifunika uso kwa viganja.

"Nilimhurumia," alisema.

Mzee Mligo aliutazama ule mti mweusi, akautazama mtaa wote uliosimama na majani mekundu. Akavua kofia yake.

"Mama, utapewa mwingine," alisema. "Utaupanda mwenyewe, Numbe. Na safari hii tutakunyang'anya masweta."

Kilichofuata hakielezeki kwa urahisi. Nehemia alibebwa juu juu, akipinga. Kuna aliyekwenda kupiga kengele ya shule. Wazee ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote walicheza ngoma ya bondeni wakiwa bado wamevaa mablanketi, na wajumbe wa Halmashauri wakavutwa ndani ya duara mmoja baada ya mwingine.

Mama Subi hakucheza. Alikuwa anayatazama machungwa yake manne. Bondeni chungwa huiva likiwa kijani, na hivyo ndivyo alivyoyajua maisha yake yote. Haya, baada ya baridi ile, yalikuwa yamegeuka rangi ya moto. Alilichuma moja, akaligeuza mkononi, akaomba kisu.

Alilikata katikati. Ndani lilikuwa jekundu, jekundu kabisa, na juisi ikamchuruzikia hadi kwenye kifundo cha mkono. Subilaga akataka kusema kitu, aeleze, aombe radhi kwa rangi ile. Mama yake alikuwa ameshatia kipande mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho.

"Tamu," alisema. "Tamu kuliko za kwetu. Umefanyaje?"

"Sukari, Mama. Ni ile aliyoitengeneza ili asigande."

"Alikuwa anajifunika mwenyewe," Mama Subi alisema taratibu, na akampa binti yake nusu iliyobaki. "Kumbe alikuwa anajua kujifunika mwenyewe."

Akakata jingine. Akawa anakula na kutema, anakula na kutema, akilalamika kwamba wasomi wanaweza kuishinda jalidi lakini wanashindwa kuondoa mbegu, na akitaka kujua Numbe wataanza kuchimba mashimo lini, na nani atapika siku hiyo. Subilaga hakusikia nusu ya maneno yale. Alikuwa anamtazama tu. Midomo ya mama yake ilikuwa myekundu, na ilikuwa inaongea.